PhD ya lugha ya Kijapani ukitokea Afrika Mashariki: ufadhili si hatua ya kwanza

Mleta mada ana shahada ya kwanza ya Kiswahili na isimu, Kijapani chake kiko N3 (ngazi ya kati ya mtihani wa JLPT, unaoanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu), na anauliza aanzie wapi kufika PhD ya lugha ya Kijapani, MEXT (ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani) inapatikanaje, na itachukua miaka mingapi. Wengi wamekimbilia MEXT. Mkuu, MEXT tutaifikia, ila ukianzia huko utajaza fomu nzuri isiyo na wa kuipokea.

Kwanza jua unataka tawi gani, maana Japani lugha yao haikai idara moja. Kuna kokugogaku, ambayo vyuo vingi siku hizi huiita nihongogaku (hata chama chao cha kitaaluma kilibadili jina hivyo mwaka 2004): sarufi, historia ya lugha, lahaja, maandishi. Kuna nihongo kyoikugaku, ufundishaji wa Kijapani kwa wageni. Kuna gengogaku, isimu ya jumla, ambako Kijapani ni lugha moja kati ya nyingi. Fasihi ni dunia yake. Pendekezo lilelile linaweza kupokelewa gengogaku na kukataliwa kokugogaku, si kwa ubaya wake bali kwa kuwa hakuna wa kulisimamia, na maombi mengi hufia hapo.

Kwa mtu wa isimu ya Kiswahili milango ya kweli ni gengogaku, sarufi linganishi ndani ya nihongogaku, na ufundishaji. Historia ya lugha sikushauri. Inadai kobun, Kijapani cha kale, pamoja na kanbun, maandishi ya Kichina cha kale yanayosomwa kwa Kijapani, na ukirudi nyuma zaidi unakutana na kuzushiji, mwandiko wa kuunganisha ambao Wajapani wengi wasomi hawausomi. Kabla ya serikali kuweka umbo moja kwa kila herufi ya hiragana (herufi za silabi) shuleni mwaka 1900, silabi moja iliandikwa kwa maumbo kadhaa.

Msimamizi humpati kwa kuangalia chuo kipi kina jina. Ingia CiNii Research na J-STAGE, tovuti za makala za kitaaluma za Japani, tafuta mada yako kwa Kijapani, soma makala tatu nne za mtu huyohuyo. Kisha angalia mambo mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza ni umri wake: vyuo vingi hustaafisha maprofesa wakiwa na miaka 65, na aliyebakiza miaka mitatu mara nyingi hapokei mwanafunzi mpya wa udaktari. La pili ni tasnifu alizozisimamia. Tangu Aprili 2013 tasnifu za udaktari Japani hutakiwa kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuona kilichopita kwake, kina kurasa ngapi na kimetumia data gani. Hapo utajua kama unachotaka kufanya kinafanana na kazi za pale.

Sasa pendekezo la utafiti. "Ulinganishi wa Kiswahili na Kijapani" si mada, ni kichwa cha rafu ya maktaba. Mada ni pale lugha hizi mbili zinapokwenda pamoja hatua chache kisha zikaachana. Chukua kauli ya kutendwa. Sisi tunasema "amefiwa na mke"; Kijapani kinasema "tsuma ni shinareta", kwa maana ileile ya mtu aliyepatwa na jambo. "Tumenyeshewa na mvua" ni "ame ni furareta". Lakini Kiswahili hakiruki moja kwa moja: fa lazima ipite kwenye fia ndipo ifike fiwa, nyesha ipite nyeshea ndipo iwe nyeshewa. Kijapani kinabandika -(r)are- kwenye kitenzi bila daraja lolote. Halafu Kijapani kinasema "tonari no hito ni piano o hikareta", yaani jirani kapiga piano na mimi nimekereka. Ukijaribu "nimepigiwa piano na jirani", msikilizaji wa Dar atadhani jirani amekuburudisha. Kwa nini kero inasimama yenyewe Kijapani, ilhali Kiswahili kinaiachia muktadha? Ni vitenzi gani vya Kiswahili vinabeba madhara bila kusaidiwa? Hilo ni swali. Lina data, lina mipaka, na profesa wa Kijapani atalielewa kwa sentensi mbili kwa kuwa kwao suala hilo limeandikwa sana.

Data ipo. Taasisi ya taifa ya lugha ya Kijapani iliyoko Tachikawa, Tokyo, ina kongoo (mkusanyo wa matini za utafiti) ya maandishi ya kisasa iitwayo BCCWJ, yenye maneno takriban milioni 100. Unajisajili bure na kutafuta kupitia Chunagon, mfumo wake wa mtandaoni. Upande wetu kuna kongoo ya Kiswahili ya Helsinki. Ukipenda ufundishaji, taasisi ileile ya Tachikawa ina I-JAS, kongoo ya wanafunzi 1,000 wa Kijapani wenye lugha mama 12. Hakuna Kibantu hata kimoja humo. Pengo hilo ni halali kuliandikia, ila usiahidi takwimu kubwa: wanafunzi wa Kijapani Dodoma na Nairobi ni wachache, hivyo panga kufuatilia kundi dogo kwa muda mrefu.

Fomu ya mpango wa utafiti ni fupi. Jaza waliotangulia wamesema nini, swali lako, data, mbinu, na ratiba ya mwaka kwa mwaka. Habari za kupenda anime na nidhamu ya Wajapani hazina nafasi hapo.

Kuhusu lugha, N3 haitoshi kusoma hata makala moja kwa siku. Lenga N1, lakini elewa inapima nini: alama 180, kupita ni 100, na kila sehemu kati ya tatu usipungue 19. Haipimi kuandika wala kuzungumza, na udaktari ni kuandika na kuzungumza. Mtu wa N1 anaweza kukwama kwenye enshu, semina ambako unagawa rejume (muhtasari wa hoja zako) ya kurasa chache na kuitetea mbele ya wenzako. Zoea mapema mtindo wa de aru, ule wa maandishi ya kitaaluma: kila wiki fupisha makala moja kwa herufi 400 hivi, mtu anayejua akusahihishe. Kanji (herufi za asili ya Kichina) 2,136 za joyo, orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, ni sakafu tu. Nairobi ni kituo cha mtihani wa JLPT, kwa hiyo walio Arusha wana safari fupi.

MEXT kupitia ubalozi inakwenda hivi. Tangazo hutoka Aprili au Mei. Umri ni chini ya miaka 35 kwa tarehe inayotajwa kwenye tangazo. Lazima uombe fani uliyosoma au iliyo karibu nayo, kwa hiyo kwako jenga daraja kupitia isimu. Kisha kuna mtihani wa kuandika wa Kiingereza na Kijapani (mitihani ya nyuma ipo mtandaoni, ifanye yote) na usaili. Kwa fani ya lugha tarajia kusailiwa kwa Kijapani, usitegemee Kiingereza kikuokoe. Ukipita mchujo wa kwanza unapewa hati, na ni hiyo unayopeleka vyuoni kuomba barua ya kukubaliwa kwa awali, visivyozidi viwili kwa wakati mmoja. Mtego uko kwenye kalenda: mwisho wa kuomba barua hizo huwa kuelekea mwisho wa Agosti, na katikati ya Agosti ni Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ofisi nyingi za vyuo zinafungwa. Tuma siku uliyopata hati. Soma pia utaratibu wa kila chuo. Vingine vinataka maombi yapite ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na ukimwandikia profesa moja kwa moja unaonekana hukusoma maelekezo.

Barua pepe kwa profesa iwe ya Kijapani na fupi: wewe ni nani, umepita mchujo gani, makala yake ipi imekufikisha kwenye swali lako, unaomba nini. Ukitumia barua moja kwa maprofesa kumi wanaijua.

Sifa ya kuingia shahada ya uzamili huko ni miaka 16 ya masomo. Mfumo wa 7-4-2-3 wa Tanzania na Uganda unafika 16, na 8-4-4 ya Kenya pia.

Miaka: kenkyusei, yaani mwanafunzi wa utafiti kabla ya mtihani wa kuingia, miezi sita hadi miaka miwili, uzamili miwili, udaktari mitatu. Kwenye karatasi ni sita hivi. Kwenye fani za lugha na fasihi inazidi, kwa sababu idara nyingi hazikuruhusu kuwasilisha tasnifu bila makala zilizopitiwa na wataalamu, na jarida kama Nihongo no Kenkyu halikupokei kwa huruma. MEXT haiongezi muda baada ya mwaka wa tatu wa udaktari, na kila ukipanda daraja unaomba upya. Wengi huishia tan'i shutoku taigaku: umemaliza masomo yote, umetoka bila shahada. Japani hilo lina heshima yake, lakini kwa mwajiri wa huku kwetu ni sawa na kutomaliza. Makala ya kwanza itume mwaka wa kwanza wa udaktari, itolewe kwenye tasnifu ya uzamili.

Fedha. MEXT kwa muda mrefu imelipa yeni 143,000 kwa mwezi kwa kenkyusei, 144,000 uzamili na 145,000 udaktari, bila ada na pamoja na tiketi ya ndege. Posho ya familia hakuna. Kwa kujilipia, chuo cha taifa kwa kawaida kinadai yeni 282,000 za kuingia na 535,800 kwa mwaka, na baadhi wameanza kupandisha. Kibali cha kazi ni saa 28 kwa wiki, na saa hizo zinatoka kwenye muda wa kusoma. Ukishaingia udaktari kwa kujilipia, omba DC ya JSPS, ufadhili wa wanafunzi wa udaktari kutoka shirika la Japani la kukuza sayansi; haibagui uraia.

Marekani ni njia tofauti: miaka mitano hadi saba, ada unalipiwa na posho unapata kwa kufundisha, maombi Desemba hadi Januari. Wenye mwelekeo wa fasihi wanaifaidi zaidi. Kwa sarufi, data na wasomaji wako wako Japani.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Kabla ya kuondoka Japani chukua nakala kadhaa za Kiingereza za cheti na matokeo ya uzamili na udaktari, zenye mhuri wa chuo, kwenye bahasha zilizofungwa. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watataka vyeti vya kila ngazi wakitathmini shahada yako, na kuviomba ukiwa Mwanza ni barua, ada na miezi.