Siku ya Kwanza Hawakucheka

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe mrefu. Ametumia miaka miwili, pamoja na fedha za kikoba za mama yake, kutengeneza filamu ya vichekesho kuhusu wezi wawili wa ng'ombe. Ameizindua mbele ya ndugu na marafiki, na kwa dakika tisini ukumbi umekaa kimya kama chumba cha mtihani. Anataka kujua kama aendelee au auze kamera. Usiku ule nilimjibu kwa mistari miwili kwa sababu nilikuwa kazini, lakini jibu lile limenikera mwenyewe tangu siku hiyo, kwa kuwa swali lake ndilo lililoninyima usingizi mimi mwaka 2018, na naamini wengi mnaosoma hapa mnaota kuongoza filamu na mtakutana nalo.

Nianze na filamu iliyonifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Inaitwa The Nice Guys, imeongozwa na Shane Black, naye aliiandika pamoja na Anthony Bagarozzi. Kisa chake kinatokea Los Angeles mwaka 1977. Ryan Gosling ni Holland March, mpelelezi wa kujitegemea, mgane, mlevi, mwenye binti mdogo anayemzidi akili baba yake karibu kila dakika. Russell Crowe ni Jackson Healy, mtu wa makamo anayelipwa ili awapige watu. Wawili hawa wanafahamiana kwa Healy kwenda nyumbani kwa March na kumvunja mkono, na baada ya muda mfupi wanalazimika kumtafuta pamoja msichana aliyetoweka, katika mji wenye moshi wa magari, wacheza filamu za ngono na wakubwa wa viwanda wasiotaka siri zao zijulikane.

Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes mwezi Mei mwaka 2016, nje ya mashindano, na wahakiki wengi waliisifu. Tarehe 20 ya mwezi huo ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani siku ileile moja na katuni ya Angry Birds, wale ndege wenye hasira wa mchezo wa kwenye simu. Ndege wakashika nafasi ya kwanza. Akina Gosling walipata takribani dola milioni 11 katika siku tatu za mwanzo, na hadi mwisho, dunia nzima, ilikusanya dola milioni 60 na ushee. Kwa kuwa ilitengenezwa kwa takribani milioni 50, asiyeijua biashara hii anaweza kudhani ni faida, lakini wenye majumba huchukua fungu lao na matangazo hulipiwa kando, kwa hiyo ile ilikuwa hasara. Leo, miaka mingi baadaye, watu walioikuta majumbani mwao wanaililia sehemu ya pili ambayo haijawahi kutengenezwa. Mwenye Russell Crowe, aliyekwisha kupata Oscar, alishindwa na ndege wa katuni. Sasa wewe mwenye binamu yako na shemeji yako unajinyonga kwa nini?

Tena Black hakuonja hilo mara moja. Akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini aliandika Lethal Weapon, iliyotoka mwaka 1987 na kumfanya awe mwandishi anayegombaniwa. Mswada mmoja baadaye ulinunuliwa kwa dola milioni 4. Ilipofika mwaka 2005 akaongoza filamu kwa mara ya kwanza, Kiss Kiss Bang Bang, ya wawili wasioelewana walioingizwa katika kesi ya mauaji, na fedha zilizoingia zilikaribiana tu na takribani milioni 15 zilizotumika kuitengeneza. Nayo leo ina wapenzi wake wanaoijua kwa moyo. Miaka kumi na mmoja baadaye akarudi na wawili wengine wasioelewana. Ukaidi wa namna hiyo mimi nauheshimu kuliko tuzo.

Niliitazama The Nice Guys kwa mara ya kwanza nikiwa Sinza, kutoka kwenye flashi, pamoja na marafiki watano. Watatu walilala. Mimi nilipofika kwenye tukio la March anayetaka kuvunja mlango wa kioo kwa ngumi, kama wafanyavyo mashujaa, kisha anajikata kifundo cha mkono, damu zinamruka, na tunachokiona baada ya hapo ni gari la wagonjwa, nilisimamisha picha nikairudia mara nne. Usiku uleule nikaanza kuandika yangu.

Yangu ilimhusu mgambo mstaafu na kijana wa bodaboda waliojikuta wakifuatilia magunia ya korosho yaliyoibwa katika ghala la chama cha msingi wilayani Masasi. Habari za vibali, chakula na kamera iliyoingia vumbi nitaziacha, kwa sababu kila mtengenezaji anazo na hazimfurahishi yeyote. Itoshe kusema kwamba nilipiga picha kwa siku kumi na tisa, niliuza pikipiki yangu halisi ili kulipia pikipiki ya kwenye filamu, na nilirudi Dar es Salaam nikiamini kwamba nimebeba kitu ambacho nchi hii haijakiona. Bado naamini hivyo, na sioni haya kuyaandika.

Tuliizindua Temeke, katika ukumbi wa viti mia moja na ishirini. Nilihesabu watu arobaini na saba, kumi na mmoja kati yao wakiwa ni wa ukoo wangu. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nimevaa suti, na hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka mlikwepe, kwa sababu aliyekaa mbele haoni nyuso za watu bali anasikia tu, na nilichokisikia kilikuwa ni feni. Mjomba wangu alicheka mara mbili, mara zote mbili akiwa amechelewa. Kulikuwa na hotuba ya mgambo ya dakika nne, yenye mafumbo na kejeli nilizozinoa kwa miezi, ambayo ilipita kama tangazo la dawa ya mbu. Baada ya onyesho, msambazaji mmoja ambaye nilikuwa nimemsubiri kama mvua ya masika alinishika bega, akaniambia kwamba kile ni kichekesho cha watu waliosoma, na wateja wake hawakusoma. Huwa napita mbele ya duka lake mpaka leo. Salamu sijawahi kumpa.

Miezi minane sikuigusa ile filamu. Nilifanya kazi za harusi, na ninazifanya hata sasa, kwa hiyo asiwadanganye mtu.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja mwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira na filamu, kule Mbagala, niliyekuwa nimekwenda kumtengenezea spika. Aliniuliza ile ya korosho iko wapi, akaiweka Jumamosi moja baada ya mechi ya Uingereza, bila kumwambia yeyote kwamba mwenye filamu yupo. Mvua ilikuwa inanyesha, watu hawakuwa na pa kwenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na muuza kahawa. Kijana wa bodaboda alipojaribu kuruka ukuta wa ghala kama alivyoona kwenye sinema, akaacha nusu ya suruali na kipande cha paja kwenye chupa zilizopandwa juu ya ukuta, kibanda kizima kiliinuka. Wezi walipomkamata mgambo na kumpiga kipigo cha kweli, kisicho na mzaha, hakuna aliyepiga soga. Halafu ikaja ile hotuba ya dakika nne, simu zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, na sauti ikatoka gizani ikiwataka wale wawili waache mdomo wakimbie.

Nilichukua kipande cha boksi nikaandika dakika zote zilizowasha simu. Zilikuwa kumi na moja, na zote nikazikata. Msambazaji yule, kwa hiyo, alikosea na hakukosea: watu wake walicheka, isipokuwa hawakucheka pale mimi nilipokuwa ninajionyesha kwamba najua kuandika. Imenichukua muda kuliandika hili, maana ninaona kama ninampa ushindi.

Baadaye nilimwomba yule mzee aweke pia The Nice Guys, tuone. Mizaha inayotegemea Marekani ya mwaka 1977 na siasa zake ilipita hewani. Lakini March alipokuwa amekaa chooni, mkono mmoja ukiwa ndani ya plasta, anahangaika kumwelekezea Healy bastola, kuzuia mlango usijifunge na kujisitiri kwa gazeti, vyote kwa wakati mmoja, watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapakuwa na mtafsiri. Sisi tuliokulia kwenye vibanda tunakumbuka jinsi Lufufu alivyokuwa akizitia filamu za nje maneno ya Kiswahili, mengine ya kwake mwenyewe kabisa, na bado tulielewa nani anamwogopa nani na nani anamhitaji nani. Kinachovuka bahari ni miili miwili iliyofungwa kamba moja. Mnaotafuta mfano wa karibu, mtazameni marehemu Mzee Majuto akiwa na marehemu Sharo Milionea: mzee asiyestahimili mbwembwe, kijana asiyeweza kuziacha, na hakuna anayeweza kuondoka. Mtenganishe mmoja na mwenzake uone kinachobaki.

Basi ninyi mnaoandika vichekesho vya uhalifu, hatari yenu iwe hatari kweli. Risasi isiyoua na ngumi isiyoumiza hazimchekeshi mtu, kwa sababu kicheko katika filamu za aina hii ni pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana. Healy anapovunja mkono, mkono unavunjika, na plasta inabaki nao. Nimetazama kazi nyingi za vijana wetu ambamo jambazi ni mchekeshaji, polisi ni mchekeshaji, maiti nayo ni mchekeshaji, na wote wanatutazama sisi wakingoja tucheke. Hilo linanikasirisha, na nina haki ya kukasirika, kwa kuwa mimi nililipia somo hilo kwa pikipiki.

Na acheni kuwaalika ndugu. Mjomba anayekupenda atakudanganya, na anayekuonea wivu atakudanganya pia, kila mmoja kwa upande wake. Tafuteni watu waliochoka, waliokuja kwa ajili ya mpira, wasiowadai chochote, kisha kaeni nyuma. Narudia, kaeni nyuma. Vijana wa siku hizi mnapenda zulia jekundu kabla ya kupenda hadhira, mnajua bei ya bango na hamjui ni dakika ya ngapi watu wanatoka kwenda kukojoa. Mwongozaji asiyelijua hilo hajamaliza kazi yake, hata kama amekwisha kupiga picha na waheshimiwa.

Sasa kwako, mdogo wangu wa Mwanza. Kamera usiuze. Nenda Igoma au Buhongwa, tafuta kibanda chenye watu wengi wa mpira, mpe mwenye kibanda filamu yako aiweke mechi ikiisha, na usimwambie mtu yeyote kwamba ni yako, hata muuza kahawa. Mama mwache nyumbani siku hiyo. Beba kalamu na karatasi, andika dakika walizocheka na dakika walizowasha simu, kisha unitumie. Nitumie dakika tu, maelezo sitaki.