Kupima makali ya kisu cha kukwangulia ulimi wa obo

Wewe unayeanza kujitengenezea ndimi za obo, yaani vile vipande viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja ambavyo mpigaji wa ala hiyo ya muziki huvipuliza, nakuomba kwanza uache kupitisha kidole juu ya makali. Ncha ya ulimi hukwanguliwa hadi unene wa takribani milimita 0.1. Kisu kinachoweza kazi hiyo huzama kwenye ngozi kabla hujahisi kitu, na kidole chenye bandeji hakitulii juu ya vitufe vya obo.

Anza kwa macho. Elekeza makali kwenye taa, ukigeuza kisu polepole. Makali mazuri hayarudishi mwanga. Palipo butu patang'aa. Kisha chukua kalamu ya plastiki, egemeza kisu juu yake kikiwa kimeinama, kwa uzito wake tu. Kikinasa, ni kikali. Kikiteleza, kirudishe kwenye kinoo. Mafundi wengi hutumia ukucha wa kidole gumba kwa kipimo hichohicho, lakini mkono wako bado haujajua wepesi unaotakiwa, kwa hiyo baki na kalamu.

Karatasi usiitegemee. Hiyo hupima kukata, na sisi hapa tunakwangua. Kinachokwangua ni ukingo mwembamba mno wa chuma, uliojikunja kidogo upande mmoja baada ya kunoa. Ili kuutambua, gusa bapa la kisu kwa ncha ya kidole, uivute kutoka upande wa mgongo hadi itoke nje ya makali. Kamwe usivute kinyume chake, wala kufuata urefu wa makali. Upande utakaokwaruza kidogo ndio ulikojikunja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni ulimi mkuukuu. Mwanzi mpya, hasa ule wa Var, kusini mwa Ufaransa, ni ghali mno kuuharibu kwa majaribio. Chomeka kibamba chako cha chuma katikati ya bapa mbili za ulimi, kisha kwangua bila nguvu. Kisu kikali hutoa vumbi laini kama unga. Kilicho butu hurukaruka, hung'oa nyuzi, nawe bila kujijua unaanza kukandamiza. Hapo ncha hupasuka, au kisu huponyoka kikaingia kwenye gumba la mkono ulioshika ulimi. Hata ukiwa katikati ya kazi nzuri, vumbi likikatika, weka ulimi chini unoe kwanza.