Jibu: Injini ya boti haichaji betri
Kaka, usinunue betri nyingine kwanza. Kama injini inawaka vizuri ila betri inaishiwa kila ukirudi kutoka baharini, chukua mita ya kupimia umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa, vuta mafuta kidogo; ikifika 13.5 hadi 14.5, chaji ipo. Isipopanda, kagua kwanza waya wa hasi unapofungwa kwenye injini. Chumvi huula mpaka unatoa unga wa kijani, na mafundi wengi hapo hawaangalii! Piga msasa, kaza. Bado? Pima umeme wa AC (umeme geu) kwenye waya mbili za koili inayozalisha umeme, iliyo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Ukiwepo, shuku rektifaya, kifaa kinachogeuza AC kuwa umeme wa DC wa kuchaji betri. Tafadhali sana, usichomoe betri injini ikinguruma, utaunguza rektifaya.