Maswali ya Wasomaji: Mama mkwe amebadilika tangu Jumatano

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninamuuguza mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 79, ambaye tunaishi naye hapa Pasua, Moshi. Hadi wiki iliyopita alikuwa akichambua mchicha mwenyewe, akihesabu chenji ya maziwa na kujua ni mjukuu gani hajarudi kutoka shule. Tangu Jumatano anazungumza na marehemu mumewe, anadai kuna watu wanakata ndizi kihambani, yaani kwenye shamba letu la migomba, usiku wa manane, na jana alikataa uji akisema nimemtilia sumu. Mchana anasinzia, usiku hatulali. Homa hana, na malaria amepimwa haikuonekana. Duka la dawa walitupa piritoni ili apate usingizi, lakini naona amezidi. Wifi yangu anataka tumwite mchungaji, jirani anasema huo ni uzee tu. Je, ameanza ugonjwa wa kusahau?
Mkwe, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Jambo kubwa katika barua yako ni kwamba unaijua siku aliyobadilika. Ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, huingia polepole kwa miezi na miaka, na ni nadra familia kuweza kutaja ulipoanzia. Mtu aliyekuwa akihesabu chenji juma lililopita, kisha leo akawa anaona watu wasiokuwepo, ana hali ambayo madaktari huiita diliriamu: kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja na kuzidi usiku. Hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitalini leo, na mchungaji anaweza kumwombea akiwa wodini.

Chanzo mara nyingi kiko nje ya ubongo, na maambukizi ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida: nimonia, njia ya mkojo, kidonda kilichooza, malaria. Mwili unapopambana na vijidudu hutoa kemikali za uvimbe zinazovuruga mawasiliano ya ubongo, na mzee, ambaye akiba ya ubongo wake imepungua, huyumba mapema kuliko kijana mwenye maambukizi hayohayo. Ongeza upungufu wa maji, kwa kuwa wazee hawahisi kiu sana, na figo ambazo huchelewa kuondoa dawa mwilini, utaona kwa nini akili hutetereka kabla ya kikohozi au maumivu kujitokeza.

Kukosekana kwa homa kusikutulize. Joto la kawaida la mzee huwa chini kidogo, kwa hiyo ongezeko la takriban digrii 1 juu ya kawaida yake ni dalili hata kama kipimajoto hakijafika 38. Kaa kando ya kitanda chake akiwa ametulia, tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu kwa dakika moja kamili. Pumzi 25 au zaidi zinanifanya nifikirie mapafu, hasa katika baridi yetu ya Juni na Julai.

Naomba niseme kidogo kuhusu mkojo, kwa sababu siku hizi "mkojo mchafu" umekuwa jibu la kila swali. Wanawake wengi wenye umri huo huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Kipimo kikionyesha bakteria, hilo peke yake halitoshi kufunga uchunguzi. Ombeni pia mapafu yasikilizwe, oksijeni na sukari vipimwe, damu ichunguzwe, na daktari abonyeze tumbo kuona kama mkojo au choo vimeziba. Ikiwa anatumia vidonge vya kisukari na hali chakula vizuri, sukari ipimwe kabla ya yote. Mwelezeni daktari pia kama alianguka katika wiki za karibuni, na kama alikuwa akinywa mbege au gongo kila siku kisha akaacha ghafla kwa sababu ya kuugua, maana kuacha huko nako huleta maruweruwe.

Piritoni msimpe tena. Dawa za mzio zinazoleta usingizi huzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee, na ndivyo ilivyo kwa valiamu nazo. Wekeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, mwende nazo.

Akiwa wodini, ndugu anayemfahamu akae naye. Avalishwe miwani yake, azungumziwe Kichaga ikiwa ndiyo lugha aliyokulia, apewe maji na mtori kidogo kidogo akiwa macho kabisa, maana anayelishwa huku anasinzia hupaliwa. Msibishane naye kuhusu watu wa kihambani, wala msimfunge kamba. Na kuhusu sumu: hayo ni maneno ya ugonjwa, kwa hiyo mwonyeshe wifi yako jibu hili.

SWALI: Baba yangu, miaka 82, alilazwa kwa nimonia hapa Arusha. Ametibiwa na kuruhusiwa, lakini wiki ya tatu sasa anauliza yuko wapi kila ikifika jioni. Hapigi kelele tena, amekuwa mpole mno. Je, atarudi alivyokuwa? Kaka zangu wanataka asaini karatasi za mauzo ya shamba mwezi huu.
Binti, Sakina

JIBU: Maambukizi yakiisha, akili hufuata kwa kuchelewa: wengine siku chache, wengine wiki au miezi, na wapo wasiorudi kikamilifu, hasa waliokuwa na dimensia ambayo haikuwa imetambuliwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo si jambo geni katika vijiji vyetu. Hata hivyo, kumbukumbu zake zisihukumiwe sasa. Apimwe baada ya miezi mitatu hivi.

Upole huo ndio unaonitia wasiwasi. Mzee aliyechanganyikiwa kimyakimya husahaulika kwa kuwa hasumbui mtu. Mwombe ataje siku za wiki kurudi nyuma. Akipotea katikati ilhali zamani angeweza, au akiwa mgumu kuamka, mrudishe hospitalini aangaliwe upya.

Karatasi za shamba zisubiri. Mtu ambaye jioni hajui yuko wapi anaweza asubuhi kuonekana timamu na kuandika sahihi nzuri kabisa, na kesho yake asikumbuke alichouza. Kama mnunuzi ana haraka, ombeni kwanza daktari amchunguze baba na kuandika maoni yake kuhusu uwezo wake wa kuamua, kisha muwaone wanasheria mkiwa na barua hiyo mkononi.