Kabla ya kwenda halmashauri, pita sokoni na mizani

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kusukuma sera za taka na urejelezaji hapa Moshi, miaka yangu miwili ya kwanza niliimaliza kwenye makongamano. Tulivaa fulana, tukapiga picha, tukasoma maazimio. Hakuna hata moja lililoingia kwenye sheria ndogo wala kwenye bajeti. Inaniuma mpaka leo, ndiyo maana nawaandikia.

Siku tuliyopata nafasi ya kukaa mbele ya ofisa mmoja mwenye sauti, tulimweleza habari za uchumi rejelezi, yaani taka ya hapa kugeuka mali ya pale badala ya kutupwa, karibu nusu saa. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Soko mnalolisema linatoa taka za aina gani zaidi?" Nikajibu haraka kwamba ni plastiki. Nilikuwa nimekisia, na alijua.

Wiki iliyofuata tukaazima mizani ya kuning'iniza kwa kaka mmoja anayenunua skrepa, tukaingia soko la Mbuyuni alfajiri. Unamwaga rundo kwenye turubai, unachambua, unajaza kiroba, unakitundika kwenye ndoano na kusubiri mshale utulie huku maji ya maganda yakikuchuruzikia viatuni. Kufika siku ya tatu jibu lilikuwa wazi. Chupa na vifungashio vilijaa machoni, lakini kwenye mizani vilipitwa mbali na maganda ya ndizi, vikonyo vya mikungu na majani ya migomba. Mzigo mkubwa unaochomewa mafuta ya lori hadi dampo la Kaloleni ni kitu ambacho ng'ombe angekula.

Kulikuwa na mama muuza ndizi aliyekuwa akitutazama tangu siku ya kwanza. Nilipomwamkia aliitika marahaba, akasema: "Mwanangu, haya maganda watu wa ng'ombe huyafuata jioni na guta. Wasipokuja ndiyo yanaoza hapa. Mngeniuliza tu." Ombi letu likageuka siku hiyohiyo. Tukaacha kudai kampeni ya plastiki, tukaomba sokoni pawe na kizimba cha taka zinazooza peke yake, na saa inayojulikana ya kuzichukua.

Yule kaka wa skrepa naye alitufundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Chupa ya maji isiyo na rangi ina bei kuliko ya rangi. Kizibo kikibaki juu, bei inashuka, maana kizibo ni plastiki ya aina nyingine na lazima mtu akae akivitoa kimoja kimoja. Ukiandika kwenye pendekezo lako "wananchi watenganishe taka" bila kuyajua haya, umeandika hewa. Tena uliza lori linalobeba lina sehemu ngapi. Kama vyote vinamwagwa pamoja, mama aliyetenganisha nyumbani kwake ataacha ndani ya wiki mbili, na mimi simlaumu.

Waokota makopo msiwasemee, kaeni nao. Kuna kifungu kimoja kinachowaumiza ambacho kijana wa ofisini hawezi kukiona: kinachompa mkandarasi umiliki wa taka zote za kata. Kinasomeka vizuri kabisa, lakini siku kikipita, mtu aliyelisha watoto kwa chupa zilizotupwa anageuka mwizi. Rasimu ya namna hiyo ikija, someni neno kwa neno mkiwa nao.

Na rasimu zinakuja. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi hutangaziwa rasimu ili watoe maoni, baraza la madiwani linaipitisha, inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ndipo inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Nafasi yenu ni pale rasimu inapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, ambao vijana wengi hawausomi. Mjue mtendaji wa kata kwa jina, mjue kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kinakaa lini. Bajeti nayo ina wakati wake: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukipeleka ombi la kizimba mwezi Mei, hesabu zimeshafungwa.

Jambo jingine: kila mnapodai marufuku, ulizeni kitu gani kitaingia mahali pake. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini na mitaa ikabadilika kweli, nilifurahi sana. Lakini haikupita muda vifungashio vyepesi vya plastiki vikaanza kubebea nyanya na dagaa, kazi ileile ya mfuko.

Kwenye mkutano wa mtaa, neno "uchumi rejelezi" lina usingizi. Mimi nilianza kupata masikio nilipozungumzia kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani la Wachagga: ng'ombe wa zizini anakula majani ya mgomba, samadi inarudi mgombani. Sikuimaliza hiyo sentensi. Mzee mmoja aliinuka akaimalizia mwenyewe, akauliza kwa nini soko lishindwe jambo ambalo bibi yake alilifanya kwenye mteremko wa mlima bila mkandarasi.

Tuliporudi kwa yule ofisa tulikuwa na daftari tu, siku saba, mstari kwa mstari. Alilifungua, akafuata safu ya maganda kwa kidole, akaomba abaki nalo. Nilimwachia nakala. Lenyewe ninalo, limejaa madoa ya utomvu wa ndizi, na anayetaka kuona tulivyopanga safu aje Mbuyuni asubuhi saa 12 na viatu visivyoogopa maji. Mizani tumeshanunua ya kwetu.