Mashine Imesoma, Nani Atatia Sahihi? Majibu kwa Wasomaji wa Mombasa

Ofisi yetu hutoa mizigo bandarini. Siku hizi akili unde (AI) ndiyo inayosoma ankara na hati za shehena na kujaza fomu. Kazi inakwenda mbio, lakini makosa yanapita, na ukiuliza kila mmoja anasema "ni mashine". Nifanyeje? (Msimamizi, Changamwe)

Anayetia sahihi tamko la forodha ndiye mwenye kujibu. Jina lake liandikwe juu ya kila faili kabla kazi haijaanza, si baada ya kosa kuonekana.

Kisha zipange sehemu za fomu kwa ukubwa wa hasara. Nambari ya kontena, msimbo wa ushuru (nambari ya aina ya bidhaa inayoamua ushuru wake), thamani pamoja na sarafu yake, na uzani: hizi nne zikaguliwe katika kila faili. Anwani na maelezo mengine yanaweza kupimwa kwa sampuli, tuseme faili 20 kwa wiki zilizookotwa bila kuchagua.

Nambari ya kontena ina kinga yake ndani. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346 ina herufi 4, tarakimu 6, na ya mwisho 1 ya uhakiki. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea, huku 11, 22 na 33 zikirukwa. Thamani ya nafasi ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo mara mbili mbili hadi 512 kwa nafasi ya kumi. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo tarakimu ya mwisho. Baki likiwa 10 huandikwa 0. Chukua CSQU3054383: jumla yake ni 6185, ukigawa kwa 11 linabaki 3. Fomula hii inaingia kwenye lahajedwali (kama Excel) bila taabu, nayo itanasa karibu kila 8 iliyosomwa 3 na karibu kila tarakimu mbili zilizopishana. Isichoweza kukuambia ni kama kontena hilo ni la mteja wako. Hilo linataka macho juu ya hati ya shehena.

Msimbo wa ushuru ndio unaonitia hofu zaidi. Tarakimu 6 za kwanza zinafuata mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 ziwe 8. Akili unde inaweza kukupa msimbo ulionyooka kabisa kwa sura lakini ni wa bidhaa nyingine, au wenye tarakimu 10 kama wa Marekani. Modeli ya lugha, yaani akili unde ya aina hii, hutunga kile kinachoelekea kufuata katika maandishi. Haifungui kitabu cha ushuru isipokuwa imeunganishwa nacho. Basi afisa akifungue mwenyewe, asome kichwa cha bidhaa na maelezo ya mwanzo wa sura, kisha aandike kwa sentensi moja kwa nini ameuchagua msimbo huo. Kwenye thamani, muangalie nukta na mkato: ankara ya Ujerumani huandika 1.250,00 pale Mwingereza anapoandika 1,250.00.

Sasa kuhusu watu wako. Mtu aliyeiona mashine ikipatia siku baada ya siku huacha kusoma na kubaki kubonyeza "sawa". Kumkemea hakusaidii. Badili mpangilio wa kazi: kwa zile sehemu nne, afisa aziandike kutoka kwenye hati kabla hajaona jibu la mashine, kisha programu ilinganishe. Inaongeza dakika chache kwa kila faili. Kontena linalokwama bandarini kwa herufi moja hutozwa ada kila siku baada ya muda wa bure kwisha.

Tuna daftari la geti la malori. Ripoti ya kompyuta inaonyesha malori mengi yanaingia saa nane usiku, na hakuna anayeingia saa hiyo. (Mlinzi mkuu, Miritini)

Walinzi wanaandika "saa 2" wakiwa na maana ya saa mbili asubuhi, na programu inasoma 02:00. Daftari lifuate saa 24: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00. Bandika jedwali la kugeuza saa ukutani, mbele ya macho ya mwandishi. Tarehe nazo ziandikwe mwaka kwanza, 2025-04-03, kwa sababu 03/04 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Machi. Safu ya nambari za simu ifanyeni ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, la sivyo 0 ya mbele itapotea. Rekodi za zamani msizisahihishe kwa kukisia. Wekeni alama kwamba saa zake si za kutegemewa.

Asalaam aleikum. Hotelini kwetu tuliahidi bonasi kwa idara isiyo na malalamiko. Malalamiko yamekwisha kabisa, lakini wageni wa kila mwaka hawarudi. (Meneja, Bamburi)

Waalaikum salaam. Malalamiko hayajaisha, yameacha kuandikwa. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza jambo hili mwaka 1975: kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha ya kutawalia mambo, hakitegemeki tena. Mhudumu aliyeambiwa kuwa karatasi moja ya malalamiko itawanyima wenzake pesa atamtuliza mgeni kwa soda na kunyamaza. Ni jambo la kibinadamu, na aliyelisababisha ni aliyeweka kanuni.

Iondoe bonasi hiyo leo, na uwaambie wafanyakazi waziwazi kwamba kanuni ndiyo iliyokuwa mbaya. Pima muda kutoka lalamiko kuandikwa hadi kutatuliwa. Linganisha daftari la mapokezi na rekodi ambazo hakuna anayenufaika kuzificha: vyumba vilivyobadilishwa, pesa zilizorudishwa, kazi za fundi wa viyoyozi na mabomba. Fundi akiwa ametengeneza viyoyozi 9 kwa wiki na mapokezi hayana lalamiko hata moja, una jibu lako.

Kila asubuhi kaa na wakuu wa idara dakika 15, na swali la kwanza liwe: jana kiliharibika nini? Wa kwanza kukiri akifokewa, mkutano huo umekufa siku hiyo hiyo. Usiipe akili unde maoni ya wageni iyafupishe kabla hujayatengeneza haya. Itakuletea muhtasari mzuri wa daftari la uongo.

Programu inaniambia mauzo ya Aprili yamepanda sana kuliko mwaka jana. Niagize zaidi? (Mwenye mkahawa, Nyali)

Angalia kalenda kwanza. Kwa mfano, Pasaka ya 2024 ilikuwa Machi 31; ya 2025 ilikuwa Aprili 20. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na Idi pamoja nayo. Linganisha wiki ya Pasaka na wiki ya Pasaka, Ramadhani na Ramadhani, masika na masika. Kama programu haina safu ya sikukuu, iongeze wewe.

Karani wetu mkongwe hataki kabisa mfumo mpya. Wenzake wanamfuata. (Mkurugenzi, Shimanzi)

Mmewaambia nini kuhusu ajira zao? Kama hamjasema, wameshajijibu wenyewe. Semeni kabla mfumo haujawashwa ni kazi zipi zitabadilika, na msiahidi msichoweza kutimiza. Mkipunguza watu, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi 1, afisa wa kazi ajulishwe, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Mzee huyo anajua mteja gani huandika uzani vibaya na meli gani hubadilisha hati dakika ya mwisho. Hayo hayamo kwenye data yenu. Mpeni mamlaka ya kusimamisha faili, na mpunguzieni kazi nyingine ili apate nafasi ya kukagua.

Mwenzetu ameweka picha za pasipoti za wageni kwenye programu ya bure ya akili unde ili apate majina haraka. Kuna ubaya? (Mfanyakazi wa mapokezi, Mtwapa)

Upo. Hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na huenda zimekwishatoka nje ya Kenya bila mgeni kujua. Mwambieni meneja leo. Futeni mazungumzo hayo na mafaili yake, andikeni ni pasipoti za nani, lini na kwenye programu gani, kisha mwanasheria apime kama ni uvujaji wenye hatari kwa wageni hao. Ukiwa hivyo, Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua, na wenye pasipoti pia waelezwe. Huyo mwenzenu asifukuzwe kwa kusema ukweli. Mtahitaji akumbuke kila picha aliyoiweka.