Mtunzi wa muziki wa filamu ya utangulizi: usianze kumtafuta studio

Kijana mmoja wa Tabata ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimemaliza kushuti filamu yangu ya pili ya kisayansi, inaeleza mambo yaliyotokea kabla ya ile ya kwanza. Kila mtu ananitajia prodyuza wake. Wewe yule dada aliyekufanyia muziki ulimpataje?" Nilimjibu kwa mistari miwili tu kwa sababu nilikuwa nimebanwa kwenye mwendokasi. Swali lake lina uzito kuliko mistari miwili, na najua mko wengi mnaotaka kufanya filamu za aina hii hapa Dar, kwa hiyo nalijibu hapa.

Kwa ambao hamkuiona, filamu yangu ya kwanza inaonyesha Dar ya miaka mingi ijayo. Bahari imeimeza Kigamboni, na maji yote ya kunywa ya jiji yanatawaliwa na mtambo wenye akili ambao watu wanauita Bibi. Bibi anaamua nani anywe na nani asinywe. Filamu ya pili inarudi nyuma. Bibi bado ni kisanduku kidogo kinachohesabu maji ya mtaa mmoja wa Mbagala, kinaongea na watoto, na kila mtu anakipenda, hasa mhandisi mwanamke aliyekiunda.

Ugumu wa filamu ya utangulizi, yaani inayosimulia yaliyotokea kabla ya ile ya kwanza, ndio huu. Mtazamaji anaingia ukumbini akiujua mwisho, na wahusika hawaujui. Muziki unakaa katikati yao. Ukiegemea sana upande wa mtazamaji, kila tukio litapigiwa ngoma ya msiba na watu watachoka mapema. Ukiegemea sana upande wa wahusika, umetengeneza filamu nyingine isiyo na undugu na ile ya kwanza. Wimbo wa filamu ya utangulizi uwe kama mimba changa: upo, ila asiyejua haoni kitu. Mtunzi unayemtafuta ni yule anayeweza kukaa katika hali hiyo kwa dakika zote tisini bila kukosa subira.

Sasa nieleze nilivyoanza. Muziki wa filamu ya kwanza ulitengenezwa na prodyuza mmoja mwenye jina, na ninasema bila kinyongo kwamba wimbo wa Bibi alioutunga ni mzuri. Ni sauti nne tu, la, so, la, mi, zinapigwa chini kabisa na polepole. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanautania kwa mluzi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumpigia nilipomaliza skripti ya pili alikuwa yeye. Nilimtumia skripti. Baada ya muda akanitumia biti tatu kwenye simu na neno moja: "Chagua." Nikamuuliza ameonaje ukurasa ambao kisanduku kinaimba na watoto. Akasema hajasoma, yeye anafanya kazi kwa hisia.

Iliniuma, na bado inaniuma. Nilikaa na ile skripti muda mrefu, nimeiandika usiku baada ya kazi, na mtu niliyemheshimu hakufungua hata ukurasa wa kwanza. Biti zake zilikuwa nzuri, ungeweza kuzicheza harusini Sinza au kwenye tangazo la simu, na kwa sababu hiyohiyo hazikuwa za filamu yangu. Nikamshukuru, nikamwambia nitaendelea na mtu mwingine. Baadaye nikasikia anawaambia watu nimemdhulumu. Sijamdhulumu. Mkataba wa filamu ya kwanza niliuandika mwenyewe kwa mkono wangu, una kifungu kinachosema wimbo wa Bibi unaweza kutumika katika filamu zote za kisa hiki na yeye alipwe kila mara. Alilipwa. Jina lake limo. Ninawaomba ndugu zangu mnaoanza: kifungu hicho kiwekeni kabla hata hamjajua kama kutakuwa na filamu ya pili, kwa sababu kwa kawaida wimbo ni mali ya aliyeutunga mpaka mkubaliane vingine kwa maandishi, na Ofisi ya Hakimiliki ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Watu wakaanza kunitajia majina. Huyu ana studio Kinondoni, yule amefanya na msanii fulani, mwingine ana kompyuta yenye sauti zote za angani. Hapo ndipo wengi mnapotea. Mnafikiri filamu ya kisayansi lazima ilie mashine. Kuna sababu ya kihistoria ya fikra hiyo: mwaka 1956 kule Marekani, Louis na Bebe Barron walitengeneza muziki wote wa filamu ya Forbidden Planet kwa mitambo ya umeme waliyoiunganisha wenyewe, na tangu hapo dunia ikazoea kwamba anga za mbali zinatoa sauti ya waya. Kwao ulikuwa uvumbuzi. Kwako, sauti hiyohiyo ukiipakua imeshatumika mara elfu.

Mfano ulionifundisha ni mwingine. Mtunzi John Williams alitunga muziki wa maandamano wa Darth Vader, yule mwovu anayeogopwa, kwa filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1980. Ilipofika 1999 ikaja filamu ya utangulizi, The Phantom Menace, ambamo Vader ni mtoto mdogo mpole. Williams akamtungia wimbo wa utoto, mtamu, wa nyuzi. Ukiusikiliza kwa makini, hasa unapokwisha, utazisikia sauti za yale maandamano zimejificha ndani, zimelainishwa. Mtoto haogopeshi mtu. Ila uovu wake wa baadaye umo tayari kwenye wimbo wake. Niliusikiliza usiku mmoja kwa hedifoni, nikarudia, nikarudia tena, na hapo nikajua ninatafuta mtu wa namna gani. Jina lake halikunihusu tena. Nilitaka mtu anayeweza kuuchukua wimbo wa mtu mwingine, autengue, aufiche, na asione aibu kwamba si wake.

Nani katika jiji hili anafanya kazi hiyo kila wiki? Mwalimu wa kwaya. Anapewa wimbo uliotungwa na mwingine, anaupangia sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, anaandika kwa do-re-mi kwenye ubao, anaufundisha kwa watu ambao wengine hawajawahi kushika ala, na Jumapili unasikika kana kwamba ulizaliwa hapo. Nilianza kuzunguka kwenye mazoezi ya kwaya. Marafiki zangu walicheka. Mmoja akaniuliza kama Bibi ameokoka.

Dada niliyempata anafundisha kwaya Mbagala. Filamu hakuwahi kufanya. Nilimpelekea filamu ya kwanza kwenye flashi pamoja na skripti iliyochapishwa. Tulipokutana alikuwa ameiandika pembeni mwa kurasa kwa penseli, na swali lake la kwanza halikuwa la pesa wala la ala. Aliniuliza, "Kaka, huyu mama aliyekiunda kisanduku, kuna wakati wowote anahisi kitakuja kuwa nini?" Nikamwambia kuna tukio moja, anapokiunganisha na bomba kuu. Akasema, "Basi wimbo usikamilike mpaka hapo."

Nilimpa kazi palepale. Ninyi mnaouliza kipimo, kipimo changu ni swali hilo. Mpe mtunzi skripti na filamu ya kwanza, kaa kimya, sikiliza atauliza nini. Anayeuliza mhusika anajua nini na lini, huyo msikilize. Anayeuliza unataka ifanane na filamu gani, mshukuru na umwage.

Alichofanya na zile sauti nne sitakisahau. Alizipandisha juu, akazitia mwendo wa mchezo wa kupiga makofi wa watoto, na akaondoa ya mwisho. La, so, la, halafu kimya. Kisanduku kinaimba na watoto, la, so, la, na watoto wanajaza nafasi iliyobaki kwa kicheko au kwa kofi. Karibu filamu nzima ile mi haiji. Ukiwa umeona filamu ya kwanza unaisubiri mwili mzima, na kama hukuiona unadhani ni wimbo wa kitoto tu. Kisha mhandisi anafungua vali, maji yanaingia kwenye bomba kuu, na besi wanane wa kwaya wanaishusha mi kwa mdomo uliofumbwa. Ukumbini kuna mtu alisema "Mungu wangu" kwa sauti.

Sauti nyingine tulizitafuta nje. Alikwenda Magogoni na simu, akarekodi mlango wa pantoni unaposhuka kukwaruza sakafu, akaupunguza kasi, na huo ndio mngurumo wa Bibi anapofikiri. Alimleta mpiga ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyejifunzia Bagamoyo, mji alioishi marehemu Hukwe Zawose aliyeipeleka ilimba na zeze za Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Ile milio ya ilimba, yenye mtetemo wake wa pembeni, hakuna kompyuta iliyoniletea kitu cha ajabu namna hiyo. Na hapa naomba nisikilizwe. Ludwig Göransson, mtunzi Mswidi, alipopewa filamu ya Black Panther alifunga safari hadi Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal na wapiga ngoma wake, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Oscar mwaka 2019. Yeye alipanda ndege kuja kutafuta kilicho uani kwetu. Sisi tulio nacho tunapakua sauti za bure mtandaoni na kujiita watu wa kisasa. Mtayarishaji wa filamu wa Dar ambaye hajawahi kusimama mbele ya ilimba hana haki ya kusema nchi hii haina sauti za wakati ujao.

Jambo la muziki wa kushikiza. Wakati wa kuhariri, mhariri hupenda kuweka muziki wa filamu nyingine ili picha zisiwe bubu, kwa ahadi kwamba utaondolewa. Ukiusikia mara nyingi unauzoea, na mtunzi wako anapoleta wake unauona wa kigeni. Mwaka 1968 mtunzi Alex North alikuwa ameshatunga na kurekodi muziki wa filamu ya 2001: A Space Odyssey, lakini mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa amezipenda rekodi alizokuwa amezishikiza, kazi za akina Strauss na Ligeti, akazibakisha hizo. North aliketi kuitazama filamu New York na hakusikia noti yake hata moja. Dada yangu wa Mbagala nilimwambia hadithi hiyo siku ya kwanza, nikamwahidi mezani kwangu hapatawekwa muziki wa mtu. Tulihariri kwa kimya. Mhariri alilalamika sana, lakini kimya hicho ndicho kilichotuonyesha sehemu ambazo hazikuhitaji muziki kabisa, na ni nyingi kuliko unavyodhani.

Muda nao. Filamu ya Rogue One ya mwaka 2016, ambayo pia inasimulia yaliyotangulia, ilimpoteza mtunzi wake wa kwanza Alexandre Desplat baada ya ratiba kuvurugika, na Michael Giacchino akaingia akiwa na kama wiki nne na nusu za kutunga. Alifaulu, lakini ni mtu mwenye miaka mingi ya kazi na orkesta nzima nyuma yake. Wewe una kwaya inayofanya mazoezi Jumatano na Jumamosi, umeme wa luku, na mvua inayopiga bati la ukumbi wakati wa kurekodi. Mtafute mtunzi ukiwa bado unaandika.

Ninasema haya kwa kujiamini kwa sababu nimeyaona yakifanya kazi. Siku ya maonyesho yule prodyuza alikuja, akaketi mbele, akaondoka kabla ya mwisho, kabla ya ile mi ambayo ni yake. Nilitamani aisikie. Wengine walibaki, wakaja kumuuliza dada amesomea wapi, na sasa ana kazi nyingine mbili mezani. Yeye ni yuleyule wa Mbagala aliyekuwa hapo siku zote, akifundisha kila wiki, na hakuna mtu wa filamu aliyekanyaga pale kumsikiliza. Tunalalamika kwamba hatuna watunzi, ilhali hatutoki nje ya zile studio tatu tunazozijua. Acheni uvivu huo.

Kwa kijana wa Tabata, kwa kuwa uliniuliza pia kuhusu malipo: mlipe nusu kabla hajaanza, na nauli na posho ya waimbaji uitenge mbali na ujira wake, la sivyo itatoka mfukoni mwake. Andikeni kwamba atakukabidhi kila sauti na kila ala kwenye faili lake peke yake, maana siku ya kuchanganya sauti utahitaji kupunguza ilimba bila kugusa kwaya. Jina lake liwe kwenye bango, kwa ukubwa uleule wa jina la mpiga picha. Na kama una mwalimu wa kwaya unayemfahamu huko Tabata, nenda mazoezini kwao Jumamosi hii, beba skripti iliyochapishwa na penseli.